Kijana Asiyejulikana na Deni Lake la Kwanza



Katika karatasi yetu tumezoea kuongea juu ya sala, kufunga, ndoa na malezi ya watoto. Leo tunaomba ruhusa yenu tuongee juu ya makuta, na zaidi juu ya deni. Msiseme kwamba neno hili ni la dunia tu. Kristo mwenyewe aliongea mara nyingi juu ya wadeni na wenye kudai, kwa sababu alijua kwamba roho ya mtu inaonekana wazi siku ya kulipa.

Swali letu ni hili: Je, ni haki kumwomba mtu ushuhuda wa jana, ikiwa jana hakuna aliyempa nafasi ya kuaminiwa? Na kama ushuhuda hana, nani anapaswa kusimama kwa ajili yake?

Sisi tunaoandika haya tulimaliza masomo ya sekondari tu. Hatuna maneno makubwa ya wale wa Chuo Kikuu, ingawa tunakaa karibu nao. Lakini jambo hili lilipita mikononi mwetu na kutuachia aibu. Tumeona ni vema kulisema mbele ya kanisa kuliko kulificha.

1. Vijana wawili walikuja

Ninyi mnaokaa huku mnajua kwamba Kasapa ina nyumba mbili kubwa: Chuo Kikuu, kilichofungua milango yake mwaka 1956, na gereza. Kila moja ya nyumba hizo inaandika faili ya mtu. Kwa moja, faili inasema umejua nini. Kwa nyingine, faili inasema umekosa nini. Kijana wa miaka ishirini na mbili ambaye hajamaliza masomo na hajaiba kitu chochote, yeye hana faili ya kuonyesha.

Vijana wawili walikuja kwetu mwaka mmoja, wote wanafunzi, wote wakiwa na wazo moja. Walitaka kununua gari dogo la kwanza, moja ya zile Toyota zilizotumika Japani, zinazoshuka katika bandari ya Dar es Salaam, zinapita Zambia na kuingia kwetu kwa Kasumbalesa. Asubuhi na jioni gari lingebeba wanafunzi kati ya mji na Kasapa. Saa za masomo lingepumzika au kupewa dereva. Nyumba moja ya mikopo ya mji ilikuwa tayari kutoa dola 3,000. Lakini iliwauliza maneno matatu: Unapokea mshahara wapi? Umekwisha kukopa na kulipa wapi? Nani atakulipia ukishindwa?

Kwa neno la kwanza wote wawili hawakuwa na jibu. Kwa la pili hawakuwa na jibu. Likabaki la tatu: mdhamini. Ndipo walipokuja kwa wazee wa kanisa.

Wa kwanza alikuwa mtoto wa nyumba. Baba yake ni mzee kati yetu. Tulimwona akitambaa, tulimwona akiimba katika kwaya ya watoto. Wa pili alitoka Kasai kwa ajili ya masomo. Alikuwa amekodi chumba kimoja hapa Kasapa, alikuwa mwaka wa tatu katika kilimo, na siku ya ibada alikaa kwenye kiti cha nyuma. Hatukujua ukoo wake, hatukujua mama yake.

Tuliweka sahihi kwa wa kwanza, sisi watu watatu, siku ile ile. Kwa wa pili tulisema: “Mwana wetu, hatukujui vema. Mungu atafungua mlango mwingine.” Tuliona kwamba tumesema maneno mazuri. Tukamwombea, tukaenda zetu.

2. Banki haikosi kabisa

Kabla ya kujihukumu, tutende haki kwa wenye kukopesha. Watu wengi wanasema kwamba banki haina moyo. Lakini makuta yanayokopeshwa si ya yule mtu anayekaa nyuma ya meza. Ni ya mjane aliyeyaweka, ni ya mwalimu, ni ya mwenye duka. Mwenye kuyagawa bila kuuliza anamwibia mjane yule. Kuuliza maswali ni ulinzi, hakuna dhambi ndani yake.

Tena karatasi ina wema mmoja ambao sisi watu hatuna: karatasi haiulizi kabila. Aliyelipa amelipa, awe Mluba, Mbemba, Msanga au Mrundi. Ninyi wenye umri wetu mnakumbuka miaka ya 1992 na 1993, wakati watu wenye asili ya Kasai walipofukuzwa Likasi na Kolwezi, wengine wakifia katika vituo vya gari la moshi wakingoja safari. Wakati ule majirani hawakuuliza mtu ametenda nini. Waliuliza jina la baba yake. Basi tusiseme haraka kwamba “kujuana” ni bora kuliko karatasi. Kujuana kunaweza kuwa upendo, na kunaweza kuwa ubaguzi uliovaa nguo ya upendo. Yakobo alionya jambo hili katika sura ya 2: mwenye pete ya dhahabu anapewa kiti kizuri, na maskini anaambiwa asimame kule.

Lakini karatasi nayo ina upungufu wake. Inamwandika mtu aliyekwisha kukopa. Asiyewahi kukopa haionekani kwake. Basi kijana anazunguka kama mtu anayetafuta kazi: wanamwambia hana uzoefu, na uzoefu hawezi kuupata bila kazi. Hajafanya kosa, na bado anahesabiwa pamoja na wakosaji. Hapo ndipo swali letu linapouma.

3. Historia yetu wazazi iko wapi?

Tunapomwuliza kijana historia, inafaa tujiulize sisi wazazi tumeweka wapi ya kwetu. Mwaka 1979 Serikali ya Zaire ilifuta noti za zaire 5 na 10 kwa ghafula, na waliokuwa wamefungia akiba yao nyumbani wakabaki na karatasi za kuwashia moto. Mwaka 1991 wengi waliamini michezo ya makuta ya Kinshasa kama ile ya Bindo, iliyoahidi kuzidisha kila kitu, na mwaka ule ule ikaanguka. Katika mwaka huo pia maduka yaliporwa, hata hapa Lubumbashi. Mwaka 1993 zaire mpya ilihesabiwa kwa zaire milioni 3 za zamani. Mwaka 1998 franga ya Kongo ikaja, nayo ilihesabiwa kwa zaire mpya 100,000. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliondoka kazini kwa mpango ulioitwa wa kujitolea, na pamoja nao ikaondoka karatasi ya mshahara, ambayo ilikuwa dhamana ya jamaa nzima.

Kwa hiyo mzazi aliyeweka akiba miaka ishirini kwa uaminifu hana karatasi hata moja ya kumpa mtoto wake. Si kwamba hatukuwa waaminifu. Daftari ziliungua. Na wengine kati yetu walijifunza somo baya: kwamba mwenye kuweka ni mjinga na mwenye kula leo ndiye mwenye akili. Vijana wetu walizaliwa ndani ya somo hilo. Tusishangae kwamba banki inawaogopa, na wao wanaiogopa banki. Uaminifu ulivunjwa pande zote mbili, na wa kwanza kuvunja hakuwa kijana.

Mlango wa benki ukifungwa, kijana anakwenda wapi? Mnajua. Anakwenda kwa wale wanaoitwa mitaani Banque Lambert, jina linalofanana na la banki moja ya zamani ya Ubelgiji, ingawa mkopeshaji hana ofisi wala kibao. Huko hawaulizi historia. Wanachukua simu yako, televisheni yako, au karatasi za lupango. Unapokea dola 100, na mwezi ukiisha unarudisha hata 150. Ukikosa, ile 50 inazaa nyingine. Mithali 22:7 imekwisha kutuonyesha kwamba mwenye kukopa anakuwa mtumwa wa mwenye kukopesha. Huko mitaani utumwa huo unaonekana kwa macho.

4. Maandiko yanasema nini juu ya mdhamini?

Wengine walituambia kisha: “Mashemasi, hamkusoma Mithali?” Kweli tumesoma. Mithali 6:1-5, 11:15 na 22:26-27, zote zinamwonya mtu asiweke mkono wake kwa deni la mwingine. Neno la mwisho linatoa na sababu: ukikosa cha kulipa, hata kitanda chako kitachukuliwa.

Lakini Biblia hiyo hiyo inatuonyesha wadhamini watatu waliosimama vema.

Wa kwanza ni Yuda. Katika Mwanzo 42:37 Rubeni alitaka kuwa mdhamini wa Benyamini, akaweka uhai wa wanawe wawili. Yakobo alikataa. Katika sura ya 43 Yuda alijiweka yeye mwenyewe, na Yakobo akakubali. Na siku ya hatari ilipofika, sura ya 44, Yuda hakukimbia: alijitoa awe mtumwa mahali pa kijana. Tuone tofauti. Rubeni aliahidi mali ya watu wengine. Yuda aliahidi nafsi yake. Na tusisahau kwamba Yuda ndiye aliyetoa shauri la kumwuza Yosefu. Historia yake ilikuwa mbaya, lakini haikuwa ukurasa wa mwisho.

Wa pili ni Barnaba. Katika Matendo 9:26-27 Sauli alifika Yerusalema, na wanafunzi wote wakamwogopa, kwani faili yake ilijulikana. Barnaba akamshika na kumpeleka kwa mitume. Hakuwaambia, “Mumwonee huruma.” Aliwasimulia mambo yaliyokwisha kutendeka: jinsi Sauli alivyomwona Bwana njiani na jinsi alivyohubiri kule Dameski bila hofu.

Wa tatu ni Paulo mwenyewe, yule aliyedhaminiwa jana. Katika barua kwa Filemoni, mistari ya 18 na 19, anamwandikia kwa mkono wake kwamba deni la Onesimo lihesabiwe juu yake naye atalipa. Na katika mstari wa 11 hakuficha kwamba zamani Onesimo hakuwa wa faida.

Basi Mithali na Filemoni hazigombani. Mithali inamkataza mtu anayeahidi kitu asicho nacho, kwa ajili ya mtu asiyemchunguza, kwa sababu anaona haya kukataa. Filemoni inamwonyesha mtu anayejua anachoahidi, anasema ukweli juu ya mdeni, na yuko tayari kulipa. Mdhamini mwema ana alama hizo tatu. Sisi tulipoweka sahihi hatukuwa na hata moja.

5. Hesabu ambayo hatukufanya

Tuseme sasa yaliyotokea. Mkopo ulikuwa dola 3,000 kwa miezi 12, na faida ya asilimia 3 kwa mwezi. Tulisikia “tatu” tukaona ni kidogo. Hakuna kati yetu aliyeuliza: tatu juu ya nini?

Vijana, shikeni neno hili, kwani ni la maana. Kama asilimia 3 inahesabiwa juu ya deni lililobaki, na fungu la kila mwezi ni sawa, utalipa karibu dola 301 kwa mwezi, na jumla itakuwa karibu 3,617. Kama inahesabiwa kila mwezi juu ya dola 3,000 za kwanza, hata kama umekwisha kulipa nusu, utalipa dola 340 kwa mwezi, na jumla ni 4,080. Neno ni moja, “asilimia tatu”, lakini tofauti yake inapita dola 460. Hesabu yetu ilikuwa ile ya pili. Iliandikwa wazi katika mkataba; ni sisi ambao hatukusoma.

Dola 340 kwa siku 26 za kazi ni dola 13 na kidogo kila siku, kabla ya mafuta, mipira, fundi na barabara. Kijana wetu alifanya kazi siku mbili au tatu kwa juma. Siku nyingine gari lilikwenda kwenye harusi, kwenye vilio, kusalimia rafiki. Sisi pia tulipanda, tusimsingizie yeye peke yake. Alilipa miezi minne. Mwezi wa tano gari likavunjika ndani, na malipo yakasimama. Zilibaki dola 2,720. Gari likauzwa kwa 1,900. Zile 820 zilizobaki ziligawanywa kwa wadhamini watatu, yaani karibu 273 kwa kila mmoja.

Kwa wengine 273 ni kitu kidogo. Kwa nyumba yetu ilikuwa minerval ya watoto. Wawili wao walirudishwa nyumbani, wakakaa majuma sita wakitazama wenzao wakipita na mifuko. Mke wetu hakusema neno. Tungependa angesema. Yule kijana naye akaacha kuja kanisani, kwa sababu kila kiti kilikuwa na mtu anayemdai. Tulimpa gari, tukampoteza yeye.

6. Wamama walitenda nini

Na yule wa pili? Hakurudi kwetu. Alikaa katika lupango moja na mama anayeuza makala, na jioni alimsaidia kuhesabu mifuko na kuandika wadeni wake. Mama yule alikuwa katika likelemba ya watu 12, kila mmoja akitoa dola 30 kwa mwezi, na mmoja akibeba dola 360 kwa zamu. Siku moja mtu wao alihama, nafasi ikabaki. Mama akasema: “Tumweke huyu mwanafunzi.” Wenzake wakauliza swali lile lile la banki: nani anamjua?

Jibu lao lilikuwa rahisi, nasi tungepaswa kuliona. Walimpa zamu ya mwisho.

Fikirini vizuri maana yake. Mwenye zamu ya kwanza anabeba makuta ya wote, kisha analipa miezi kumi na mmoja; huyo lazima ajulikane. Mwenye zamu ya mwisho anatoa mwezi kwa mwezi kabla ya kupokea. Akitoroka, amejiibia mwenyewe. Basi mgeni anaweza kuingia bila hatari kubwa kwa wengine, na wakati ule ule anaandika historia yake mbele ya macho yao. Mwaka wa kwanza alikuwa wa kumi na mbili. Mwaka wa pili wakampa zamu ya sita. Mwaka wa tatu, ya kwanza. Hawa wamama hawakumwomba historia asiyokuwa nayo. Walimpa mahali pa kuianzisha.

Mmoja wao alikuwa na gari la marehemu mume wake limesimama uani. Alipoona miaka miwili imepita bila mwezi mmoja kukosa, alimwita. Walipatana bei ya dola 3,600. Kijana aliweka zile 360 za likelemba kwanza. Zilizobaki, 3,240, angelipa kwa “versement” ya dola 10 kila siku ya kazi, siku sita kwa juma, majuma 54, kisha gari liwe lake. Walichukua miezi 15, kwa sababu wakati wa mitihani alipumzika. Lakini kila mara alikuja kabla ya siku ya kulipa kusema: “Mama, juma hili na lijalo sitaleta, nitaendelea siku fulani.” Na siku ile alileta. Mama alituambia: “Kuchelewa kwake hakukunisumbua, kwa sababu sikupaswa kumtafuta.”

Wamama wetu hawakusoma vitabu vya jambo hili, lakini wenye hekima wa nchi nyingine walifika mahali pale pale. Mwaka 1864 huko Heddesdorf, Ujerumani, Friedrich Wilhelm Raiffeisen alianzisha chama cha mikopo ambamo wakulima walidhaminiana wao kwa wao, kila mmoja akijua tabia ya jirani. Mwaka 1976 katika kijiji cha Jobra, Bangladesh, Muhammad Yunus alikopesha watu 42 jumla ya dola 27 tu. Kazi hiyo ikazaa Benki ya Grameen, na mwaka 2006 wakapewa tuzo ya Nobel ya amani. Kenya, mwishoni mwa 2012, M-Shwari ilianza kukopesha watu kidogo kidogo kwa kutazama jinsi wanavyotumia simu yao. Wote walitafuta jambo lile lile: alama ndogo ya uaminifu kwa mtu ambaye daftari kubwa halimjui.

Lakini hata hapo kuna onyo. Mikopo ya simu ilikuwa rahisi mno, na vijana wengi wa Kenya waliandikwa katika daftari la wasiolipa kwa madeni madogo sana. Mwaka 2022 Benki Kuu ya Kenya ilipaswa kutangaza mpango wa kuwasaidia kutoka humo. Historia inayoandikwa haraka inaweza pia kuharibika haraka. Kidole kimoja juu ya simu, usiku, bila kuomba shauri, na jina limechafuka.

7. Je, deni lenyewe ni dhambi?

Kuna ndugu watakaosema: “Mnatupoteza. Warumi 13:8 inatufundisha tusiwe na deni kwa mtu.” Tunawaheshimu. Lakini Zaburi 37:21 inamwita mwovu yule anayekopa asilipe. Haimwiti hivyo yule anayekopa na kulipa. Na Torati, Kumbukumbu 24, haikukataza kukopesha. Iliwekea mkopeshaji mipaka: asichukue jiwe la kusagia kuwa rehani, kwani hilo ni uhai wa mtu, asiingie mwenyewe nyumbani kuchukua rehani, asubiri nje, akichukua vazi la maskini, alirudishe jioni. Mungu aliona kwamba watu watakopeshana, akalinda heshima ya mdeni.

Basi si kila deni ni sawa. Deni linalonunua kitu cha kujilipa, kwa hesabu iliyofanywa, ni kama mbegu iliyoazimwa. Deni linalonunua kuonekana ni njaa iliyoazimwa. Na gari lile lile moja linaweza kuwa hili au lile, kwa kadiri ya moyo wa mwenye usukani.

Wengine walituuliza kwa nini hatukumpelekea nabii jambo hili mapema, aseme nani atalipa na nani hatalipa. Tulimwuliza, lakini baada ya hasara. Mzee wetu alitujibu: “Kijana yule alikaa nyuma yenu miaka miwili. Mungu aliwapa macho na miguu. Kwa nini mlitaka maono, badala ya kwenda kutazama anapolala na kumwuliza jirani yake?” Tulinyamaza. Karama ya unabii haikutolewa ili tuwe wavivu wa kujuana.

8. Tunasema nini basi?

Kwa vijana: anzeni kidogo na mapema. Ingieni likelemba, hata kwa zamu ya mwisho. Wekeni karatasi ya kila malipo, ya nyumba, ya minerval, ya simu. Ulizeni asilimia ni juu ya nini. Ulizeni deni ni la dola au la franga: mwisho wa 2015 dola moja ilikuwa karibu franga 930, na mwisho wa 2017 ilikuwa karibu 1,600, aliyepokea franga na kulipa dola aliumia bila kosa lake. Na mkiona mtachelewa, semeni kabla ya siku.

Kwa wadhamini: usiweke sahihi juu ya kiasi ambacho huwezi kukilipa bila kuwanyima watoto wako. Kabla ya kuandika jina lako, jione umekwisha kulipa, na ujiulize kama utaweza kumpenda bado yule kijana. Kama hapana, kataa kwa upole.

Kwa wazee na mashemasi, na sisi wa kwanza: tusiwape wa nyumbani imani bila uchunguzi, na wageni uchunguzi bila imani. Yote mawili ni uongo. Kwa mtoto wa mzee tuliogopa kuuliza. Kwa mgeni hatukujali kuuliza. Kama tungewauliza wote wawili maswali yale yale, tungemwokoa mmoja na kumsaidia mwingine.

Mwaka uliopita yule kijana wa Kasai, ambaye sasa amemaliza masomo, alikuja kwetu baada ya ibada. Tulidhani amekuja kutukumbusha, nasi tukatayarisha maneno ya kuomba msamaha. Kumbe alikuja na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, aliyetoka Moba, hana ndugu hapa mjini. Alisema: “Papa Shemasi, huyu sijamjua sana bado. Lakini nimemwona miezi minane akifua nguo za watu ili alipe chumba, na chumba amekilipa. Nitamdhamini katika likelemba yetu, zamu ya mwisho. Ninaomba tu mumjue kwa jina.”

Tuliomba msamaha hata hivyo, pale pale mlangoni. Kisha tukamwuliza yule mgeni jina lake, tukaliandika katika daftari la kanisa, na Jumapili iliyofuata tulikwenda kuona anapolala.

Yule kijana wetu wa kwanza bado hajarudi. Tumekwenda kwake mara mbili. Mara ya tatu tutakwenda pamoja na wale wadhamini wengine wawili, kumwambia kwamba deni lake kwetu limefutwa na kiti chake kiko wazi. Tunaomba maombi yenu kwa safari hiyo.

Neema ya Bwana iwe pamoja nanyi nyote. Amina.

Shemasi wenu, Kasapa, Lubumbashi